Injini imetoka ovahoo na kemshafti mpya lakini gari haivuti: anza kupima hapa

Umeshusha injini, umeweka ringi na beringi mpya, hedi imepigwa skimu, valvu zimesagwa, alafu ukaona kwa vile ishafunguka basi bora uweke na kemshafti kali (shafti inayofungua valvu, iliyochongwa kuongeza nguvu) moja kwa moja. Umefunga, imewaka mara ya kwanza, mlio mzuri kabisa, unaingia barabarani unakanyaga mafuta na gari haiendi. Mlima iliyokuwa inapanda na gia ya nne sasa inaomba ya pili. Kama ndo hapo ulipo, nakuomba kitu kimoja kabla hatujaendelea, usifungue chochote bado. Najua mkono unawasha, lakini ukirudisha hedi chini leo unapoteza ushahidi wote, maana vitu vingi vinavyoua nguvu baada ya ovahoo vinapimika injini ikiwa imefungwa vilevile, na ukishafungua hutajua tena kama tatizo lilikuwa taimingi (kemshafti kwenda sawa na krenki) au tapeti (pengo la valvu) au ringi, utafunga tena kwa kubahatisha.

Chukua karatasi na kalamu, kila utakachopima kiandike. Siyo utani, namba ya leo utaihitaji kesho kutwa.

Swali la kwanza ni nguvu imepotelea wapi. Chini, juu, au kote? Hili swali linaokoa siku nzima ya kazi. Kemshafti kali kazi yake ni kuinua valvu zaidi na kuiacha wazi muda mrefu zaidi, kwa hiyo valvu ya kuingiza inachelewa kufunga, pistoni ishaanza kupanda na valvu bado iko wazi. Mizunguko ikiwa midogo hewa haina mwendo wa kutosha kuendelea kujisukuma ndani, basi pistoni inairudisha ilikotoka, kwenye manifoldi, na unachobaki nacho kwenye silinda ni kidogo. Mizunguko ikipanda hewa inakuwa na kasi, inaendelea kuingia hata pistoni ikiwa inapanda, hapo ndo kemshafti inalipa. Kwa hiyo kama gari inalala chini ya mizunguko 3000 kwa dakika alafu ikifika 4000 inaamka na kuvuta kuliko zamani, injini yako haina ugonjwa, ndo tabia ya kemshafti uliyonunua, na watu wengi sana wanauziwa kemshafti ya mashindano kwa gari ya kwendea kazini bila kuelezwa hili jambo. Kinachosaidia hapo ni kompresheni kubwa kidogo, au kusogeza kemshafti mbele digrii chache, au kubadilisha uwiano wa difu, au kurudi kwenye kemshafti ya wastani. Lakini kama imelala chini, katikati, na juu pia imelala, basi kuna kitu hakiko sawa na twende tukitafute.

Anza na vitu vidogo visivyohitaji hata spana. Mtu mmoja akae ndani akanyage mafuta mpaka mwisho, injini imezimwa, wewe angalia kipepeo cha throto kama kinafunguka chote. Kebo ikirudishwa vibaya kinafunguka robo tatu tu, na gari inakuwa nzito hivyohivyo, nimeshaona watu wanaongelea ringi wakati tatizo ni kebo. Angalia bomba la hewa kutoka kwenye filta mpaka kwenye throto, kama kuna kitambaa kilichozibia matundu ya manifoldi wakati wa kazi kikasahaulika ndani kitakaa hapo kikizuia hewa na injini itawaka kama kawaida tu. Angalia mipira yote ya vakyumu, hasa ule mwembamba wa sensa ya MAP, inayopima presha ya hewa kwenye manifoldi. Angalia na klachi, kwa sababu giaboksi ilishushwa, oili au grisi ikigusa sahani klachi itateleza, dalili yake ni mizunguko inapanda ila spidi haipandi. Na shika rimu zote nne baada ya mwendo mfupi, moja ikiwa ya moto kuliko nyingine breki imekamata.

Kote huko kukiwa salama, sasa kompresheni. Hapa ndo pa kutulia.

Pasha injini moto kwanza, toa plagi zote, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na ukate umeme wa koili, betri iwe na chaji kamili, throto iwe wazi yote. Hilo la throto watu wengi wanaliruka alafu wanapata namba ndogo na kuogopa bure. Zungusha kwa stata mpaka sindano iache kupanda, kawaida mipigo mitano mpaka sita hivi, na kila silinda ipewe mipigo ileile. Injini nyingi za petroli zenye afya zinasoma kati ya psi 150 na 200, namba halisi iko kwenye kitabu cha injini yako, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi asilimia 10 mpaka 15. Ila kumbuka umebadilisha kemshafti. Kwa vile valvu ya kuingiza sasa inachelewa kufunga, kompresheni ya kwenye geji itashuka kuliko ile ya kitabu hata kama umefunga kila kitu sawasawa, na ringi mpya ambazo bado hazijakaa nazo zitasoma chini kidogo. Kwa hiyo usiangalie ukubwa wa namba peke yake, angalia mpangilio wake.

Silinda moja iko chini: mwagia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana ni ringi au ukuta wa silinda, isipopanda ni valvu. Mbili zinazopakana ziko chini pamoja: gasketi ya hedi imepasuka kati yao. Zote ziko chini na zinalingana: hapa sikia vizuri, huu ndo mpangilio wenye maana kubwa kuliko yote baada ya kubadilisha kemshafti, na ndo unaosomwa vibaya kuliko yote. Ringi za silinda nne haziharibiki kwa kiasi kilekile siku moja. Zikilingana zote chini, tatizo liko kwenye kitu kinachozitawala zote kwa pamoja, na hicho mara nyingi ni taimingi ya kemshafti.

Nina mfano wangu. Injini ya silinda nne, kemshafti mbili, mkanda. Ilikuwa imeshapitia gereji moja na mwenye gari ameambiwa ringi ni feki, zitolewe zote. Nikapima: 128, 130, 127, 129. Kitabu kinataka kama 180. Nikaweka oili, hazikupanda hata psi tano. Nilipoziona zile namba nne zimekaa karibu hivyo nikaachana kabisa na habari ya ringi, nikafungua kava ya mkanda tu. Kwa macho alama zilionekana ziko sawa. Nikaweka spana kwenye boti ya krenki nikazungusha kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili kamili ya krenki, nikarudisha alama ya puli kwenye topu, yaani pistoni namba moja iko juu kabisa. Alama ya kemshafti ya kutolea ikarudi mahali pake, ya kuingiza ikasimama jino moja kabla ya mstari. Mkanda ulikuwa na ulegevu upande usio na tenshena wakati wa kufunga, tenshena ilipoachiwa ikavuta ule ulegevu na kemshafti ikabaki nyuma. Jino moja. Nikarekebisha, nikapima tena: 174, 176, 173, 175, na gari ikavuta siku ileile bila ringi kuguswa.

Kwa nini jino moja lina madhara makubwa hivyo? Piga hesabu. Sproketi ya kemshafti ikiwa na meno 40, jino moja ni 360 gawanya kwa 40, digrii 9 za kemshafti, na kwa vile krenki inazunguka mara mbili kila kemshafti inapozunguka mara moja, hizo ni digrii 18 za krenki. Mafundi wa mashindano wanabishana kuhusu digrii mbili, wewe umekosea 18.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya taimingi ni hiyo, zungusha kwa mkono mizunguko miwili, kamwe usitumie stata, na ukihisi inagoma simama hapohapo, usilazimishe, pengine valvu inagusa pistoni. Kama injini yako ni ya cheni usishtuke ukikuta zile pingili za rangi hazijarudi kwenye alama, hizo zinarudi baada ya mizunguko mingi sana, angalia alama za sproketi na za puli tu. Na kama hedi imepigwa skimu au blok imechongwa juu, kwenye injini yenye kemshafti juu ya hedi umbali kati ya krenki na kemshafti umepungua, tenshena inachukua ule ulegevu na kemshafti inarudi nyuma kidogo hata alama zikionekana sawa.

Alama zinakwambia ulifunga jino sahihi. Hazikwambii kama kemshafti yenyewe iko kwenye digrii iliyoandikwa kwenye karatasi yake. Kuna pini zilizotobolewa vibaya, kuna sproketi zenye njia tatu za ufunguo, kuna kemshafti zilizochongwa upya na fundi asiye makini. Kujua hili unahitaji sahani ya digrii, dayo geji (geji ya mshale inayopima mwendo mdogo), na kizuizi cha pistoni, yaani plagi ya zamani iliyotobolewa ukaweka bolti ndani yake.

Topu ya kweli kwanza. Funga sahani kwenye krenki, weka waya kama kielekezi, funga kizuizi kwenye silinda namba moja pistoni ikiwa imeshuka. Zungusha kwa mkono taratibu mpaka pistoni iguse, soma, tuseme 32. Rudisha upande wa pili mpaka iguse tena, soma, tuseme 38. Jumla 70, nusu yake 35, maana yake waya wako umekosea digrii 3, usogeze mpaka pande zote mbili zisome 35. Hapo sifuri ya sahani ndo topu ya kweli. Usitegemee alama ya puli, hasa puli yenye raba katikati, ile raba ikizeeka pete ya nje inateleza na alama inahama.

Toa kizuizi. Weka dayo geji kwenye valvu ya kuingiza ya namba moja, tafuta mahali inapofika mwisho wa kufunguka, weka sifuri. Rudi nyuma mbali kidogo alafu zungusha kwa mwelekeo wake wa kawaida mpaka ibaki milimita 1.27 kufika mwisho, soma sahani, tuseme 72. Endelea upande uleule, pita juu, mpaka ishuke milimita 1.27, soma, tuseme 148. Jumlisha, 220, gawa kwa mbili, 110. Hapo ndo katikati ya bonde la kuingiza, yaani ile nundu ya kemshafti inayosukuma valvu ya kuingiza. Karatasi ikisema 106, kemshafti yako imechelewa digrii 4, na kuchelewa kunaua nguvu ya chini. Ukipita ile pointi usirudi nyuma kuitafuta, ulegevu wa cheni utakudanganya, zunguka upya. Ni kazi ya saa moja na nusu ukiwa hujazoea, na kwa maoni yangu mtu anayeweka kemshafti ya kuongeza nguvu bila kuipima digrii hajamaliza kazi.

Ukiwa na dayo geji mkononi pima na urefu wa kuinuka kwa kila valvu. Bonde la milimita 7.5 na roka inayozidisha mara 1.5 zinatakiwa kukupa kama 11.25. Zote zikisoma hapo na moja ikasoma 9, bonde hilo limelika. Hii inatokea sana kwenye injini za lifta bapa, zile zinazosugua bonde bila rola, kwa sababu zinahitaji kuzoezwa dakika 20 mpaka 30 za kwanza kwenye mizunguko 2000 mpaka 2500, na oili yenye zinki na fosforasi ya kutosha, na mtu akiiacha ikinguruma polepole mara tu ilipowaka, oili inayorushwa na krenki haifiki vizuri kwenye mabonde na yanalika ndani ya muda mfupi. Kata filta ya oili, fungua karatasi yake, angalia kama kuna unga wa chuma unaong'aa.

Tapeti. Pengo liwe la karatasi ya kemshafti mpya, siyo la kitabu cha gari. Kemshafti iliyochongwa upya mduara wake wa chini umekuwa mdogo, kwa hiyo shimu za zamani hazitatosha, na kwenye pushrodi unaweza kuhitaji pushrodi ndefu zaidi. Ukichonga viti vya valvu ni kinyume, shina la valvu linapanda na pengo linabana. Tapeti iliyobana ni hatari kwa sababu inajificha, injini ikiwa baridi kompresheni nzuri, ikipata moto valvu inarefuka na haifungi, nguvu inapotea na baadaye valvu inaungua. Ndo maana, pamoja na kompresheni ya moto niliyoeleza juu, pima na ya baridi, uandike zote. Za lifta za oili zisikandamizwe kupita kiasi, nyingi zinataka kama nusu milimita mpaka milimita moja.

Na springi. Kama nguvu iko safi mpaka mizunguko fulani, tuseme 5500, alafu inakatika ghafla na injini inapiga makelele, ukiachia kidogo inarudi vizuri, springi hazina nguvu ya kuirudisha valvu na kemshafti kali. Springi za zamani hazifai hapo.

Kuwasha. Distribyuta ilitolewa, kwa hiyo chukua taimingi laiti upime taimingi ya moto wa plagi, usitege sikio. Moto unaochelewa unafanya gari iwe nzito na ekzosi iwe ya moto mpaka manifoldi iwe nyekundu usiku. Kemshafti kali mara nyingi inapenda taimingi ya mwanzo iliyosogezwa mbele kuliko ya kiwandani, sogeza digrii mbili mbili ukisikiliza nokingi, ule mlio wa kugonga. Hakikisha mpangilio wa waya, silinda nne nyingi ni 1-3-4-2. Wenye V8 ya Chevrolet ya blok ndogo ya zamani wawe makini kabisa, ya kawaida ni 1-8-4-3-6-5-7-2 lakini kuna kemshafti za kuongeza nguvu zinazobadilisha nafasi ya 4 na 7, inakuwa 1-8-7-3-6-5-4-2, ukiacha waya kama zilivyokuwa injini inawaka, inamisi, inapiga risasi kwenye kabureta na haivuti. Soma karatasi ya kemshafti.

Mafuta na kompyuta. Kemshafti kali inashusha vakyumu, injini ya kawaida ikinguruma bila kukanyagwa inasoma inchi 17 mpaka 21 za zebaki, ya kemshafti kali inaweza kusoma 10 mpaka 15 na sindano ikicheza. Kompyuta inayokadiria hewa kwa sensa ya MAP ikiona vakyumu ndogo inadhani umekanyaga, inamwaga mafuta mengi, na hakuna kusafisha nozeli kutakakotibu hilo, inataka programu mpya. Kwenye kukanyaga kabisa injini ya petroli isiyo na tabo inapenda mchanganyiko wa 12.5 mpaka 13 kwa 1, pima kwa sensa ya waidibendi (inayosoma mchanganyiko kwenye ekzosi), usikadirie kwa rangi ya plagi. Kwenye kabureta kuna valvu ya nguvu inayofunguliwa na vakyumu kushuka, kwenye kabureta nyingi za Holley ni ya inchi 6.5 za zebaki, kemshafti ikishusha vakyumu karibu na hapo inafunguka muda wote na injini inalewa mafuta. Kama sindano iko chini lakini imetulia haichezi kabisa, hiyo siyo kemshafti kali, ni taimingi iliyochelewa au hewa inaingia kwenye gasketi ya manifoldi.

Injini zenye kemshafti zinazojisogeza kwa oili zina yao. Valvu ya oili ina kichujio kidogo sana, silikoni iliyozidi wakati wa kufunga inaenda kuziba pale. Skana ikitoa P0016 kompyuta inaona krenki na kemshafti havikubaliani, rudi kwenye taimingi kabla hujanunua sensa.

Ekzosi usiisahau. Injini iliyokuwa inakula oili kabla ya ovahoo inaweza kuwa imeshaziba masega, yale ya katalitiki ya kusafisha moshi. Weka geji ya vakyumu, shikilia mizunguko 2500, sindano ikianza vizuri alafu ikashuka polepole yenyewe, hewa haitoki.

Na ringi mpya zinataka mzigo ili zikae. Ukiiacha injini ikinguruma masaa kwa kuiogopa, kuta za silinda zinang'aa na ringi hazishiki tena. Ikishapata moto ingia barabarani, gia ya tatu, kanyaga kwa nguvu kutoka mizunguko ya chini mpaka katikati, achia ishuke yenyewe, rudia mara kumi hivi, badilisha oili mapema. Ukifika kilomita 800 pima kompresheni tena, moto na baridi, uweke pembeni ya zile namba za siku ya kwanza kwenye karatasi yako.